Jukwaa Lisilo na Mfalme, na Rekodi Nyingine za Wamaya na Majirani Zao

Wafugaji wa Tabasco, kusini-mashariki mwa Meksiko, walilisha ng'ombe juu ya jengo kubwa kuliko yote yaliyopata kujengwa na Wamaya, na hawakujua. Hawana la kulaumiwa. Jukwaa la Aguada Fénix lina urefu wa mita 1,400 hivi, sawa na viwanja 14 vya mpira vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, upana wa karibu mita 400 na kimo cha mita 10 hadi 15. Ukisimama juu yake huoni ukingo. Unaona malisho tu, ardhi iliyoinuka kidogo kama zilivyo ardhi nyingi duniani.

Lilionekana kutoka angani. Chombo kinachoitwa lida hufungwa kwenye ndege na kumwaga mapigo ya leza. Mengi huishia kwenye majani, machache hupenya hadi chini na kurudi, na kompyuta ikishaondoa yale ya majani inabaki sura ya ardhi yenyewe. Takeshi Inomata na Daniela Triadan wa Chuo Kikuu cha Arizona walichimba mahali hapo, na Juni 2020 wakatangaza katika jarida la Nature kwamba jukwaa lilijengwa kati ya mwaka 1000 na 800 KK. Likachukua rekodi mbili kwa mpigo: ndilo jengo kuu la kale kuliko yote ya Wamaya yanayojulikana, na ndilo kubwa kuliko yote kwa ujazo, kati ya mita za ujazo milioni 3.2 na 4.3. Watafiti walikadiria kwamba udongo huo wote ulihitaji siku za kazi milioni 10 hadi 13, kila siku ya mtu mmoja ikihesabiwa peke yake.

Ukubwa huo hunivutia, lakini kilichokosekana hunivutia zaidi. Hapakuonekana sanamu ya mfalme, wala kiti chake, wala jumba lake. Kwa muda mrefu wanazuoni walifundisha kwamba kwanza huja mtawala, kisha watumwa na vibarua wake, ndipo mnara. Aguada Fénix imeugeuza mpango huo. Watu ambao wengi wao bado walikuwa wakihamahama, ndio kwanza wanaanza kutegemea mahindi na kutumia vyungu vya udongo, walikubaliana wakakutana, wakabeba udongo kwa vikapu vizazi baada ya vizazi. Mwaka 2025 kikundi hichohicho cha watafiti kilieleza habari za shimo lenye umbo la msalaba lililochimbwa katikati ya eneo hilo, na ndani yake rangi zilizowekwa kwa mpangilio: buluu upande wa kaskazini, kijani mashariki, manjano kusini. Ndio ushahidi wa kale kuliko wote katika sehemu hiyo ya Amerika wa desturi ya kuupa kila upande wa dunia rangi yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya wajenzi wale. Walikuja kuipanga dunia pamoja, na kazi hiyo iliwatosha kuwa sababu ya kutoa jasho.

Rekodi za kimo ni za zama za baadaye, na hapo mkono wa watawala unaonekana wazi. Katika msitu wa Petén, kaskazini mwa Guatemala, piramidi ya La Danta kwenye mji wa El Mirador inafikia mita 72 tangu chini ya majukwaa yake hadi kileleni, na ina mita za ujazo milioni 2.8 hivi. Ilikuwa imesimama kabla ya kuzaliwa Kristo. Tikal, mji uliokuja kuwa mashuhuri zaidi, una Hekalu la IV lenye karibu mita 65, lililojengwa kama mwaka 741 BK. Huko Belize, jengo la Caana katika mji wa Caracol lina mita 43, na hadi leo ni miongoni mwa majengo marefu zaidi nchini humo. Ukitaka ujazo mkubwa kuliko wa Wamaya wote, itakubidi uende kwa majirani zao wa magharibi, Cholula, ambako piramidi yenye mita za ujazo milioni 4.45 imefunikwa na majani mpaka Wahispania wakajenga kanisa juu yake kama wanaojenga juu ya kilima.

Rekodi mbili zinazonigusa kuliko hizo zilizaliwa na ugomvi mmoja. Copán, katika Honduras ya leo, ulikuwa mji wa wachongaji hodari. Quiriguá, mji mdogo ulio umbali wa kilomita 50 hivi, ulikuwa chini yake. Mwaka 738 mtawala wa Quiriguá, K'ak' Tiliw Chan Yopaat, alimteka bwana wake, mfalme Waxaklajuun Ubaah K'awiil wa Copán, akamkata kichwa. Kisha mji ule mdogo ukaanza kusimamisha mawe. Nguzo iitwayo Stela E, iliyowekwa mwaka 771, ina urefu wa mita 10.6 ukihesabu sehemu iliyozikwa ardhini, na uzito unaokadiriwa kufikia tani 60 na zaidi. Hakuna nguzo ya jiwe moja iliyochongwa na Wamaya inayoizidi. Sura iliyo juu yake ni ya mtawala yuleyule, naye alitaka ionekane kutoka mbali.

Copán ilijibu kwa maandishi. Ngazi ya maandishi iliyokamilishwa huko mwaka 755 au karibu yake, chini ya mfalme K'ak' Yipyaj Chan K'awiil, ina alama zipatazo 2,200. Ndiyo matini ndefu kuliko zote za Wamaya zilizobaki kwenye mawe. Inasimulia ukoo wa kifalme wa Copán, mfalme baada ya mfalme, pamoja na yule aliyeuawa. Mji uliofedheheshwa ulitaka watu wapande historia yake kwa miguu wakiisoma. Halafu jengo likaporomoka. Wachimbaji wa Jumba la Makumbusho la Peabody walipofika miaka ya 1890, vipandio kama 15 vya chini tu ndivyo vilivyokuwa mahali pake. Mmoja wao, John Owens, alikufa kwa homa mwaka 1893 akazikwa hapohapo Copán. Katika miaka ya 1930 mawe yaliyoanguka yalirudishwa, lakini wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo mengi yalipangwa bila kufuata mtiririko. Wasomaji wa leo wanaiunganisha sentensi kwa sentensi, na wanajua kwamba baadhi ya sentensi hazitarudi.

Anayeshika rekodi ya kukaa muda mrefu kwenye kiti ni K'inich Janaab Pakal wa Palenque. Alitawazwa mwaka 615 akiwa na miaka 12, akafariki 683: miaka 68 ya utawala, ambayo hakuna mfalme mwingine wa Amerika anayejulikana kuifikia. Alberto Ruz Lhuillier wa Meksiko alitumia misimu minne kuondoa vifusi kwenye ngazi iliyofichwa ndani ya Hekalu la Maandishi, akafika kaburini mwaka 1952. Ndipo ukaanza ubishi wa miongo mingi. Wataalamu wa mifupa walioichunguza maiti walisema huyu ni mtu wa miaka 40 hivi. Maandishi yalisema ana 80. Wengine wakadai wafalme wa Kimaya walidanganya tarehe zao. Vera Tiesler na Andrea Cucina waliongoza uchunguzi mpya, na matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yakaonyesha kwamba njia za zamani za kukadiria umri wa mifupa huwapunguzia wazee miaka. Pakal alikuwa mzee kweli. Napenda kisa hiki kwa sababu waandishi wa mfalme walishukiwa uongo kwa nusu karne, kumbe kasoro ilikuwa kwenye vipimo vya maabara.

Kipande cha kale kuliko vyote cha kalenda ya Kimaya kinaenea kiganjani. Kilitoka San Bartolo, Guatemala, mahali ambapo mwaka 2001 William Saturno aliingia kwenye handaki la wezi wa mali za kale akitafuta kivuli, akamulika tochi ukutani na kukuta michoro ya rangi yenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Katika vifusi vya chini zaidi vilipatikana vipande viwili vya lipu vinavyounda tarehe moja, siku ya Paa 7, vya kati ya mwaka 300 na 200 KK. Habari yake ilichapishwa mwaka 2022.

Vitabu vyao havikubahatika hivyo. Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, padri Diego de Landa alichoma hadharani vitabu vya Wamaya alivyoweza kuvipata. Leo vimesalia vinne tu ulimwenguni. Kirefu kuliko vyote ni kile cha Madrid, kurasa 112. Cha kale kuliko vyote kiko Meksiko, nacho kilitengenezwa kati ya mwaka 1021 na 1154. Kilipoonyeshwa New York mwaka 1971 wengi walikiita cha kughushi, hadi taasisi ya taifa ya akiolojia ya Meksiko ilipothibitisha mwaka 2018 kwamba ni cha kweli. Ndicho kitabu cha kale kuliko vyote vilivyopona katika bara zima la Amerika. Na ufunguo wa kuyasoma maandishi hayo ulitoka kwa mchomaji mwenyewe: Landa aliwahi kuandika orodha ya alama na sauti zake, na mwaka 1952 Yuri Knorozov, akiwa Leningrad, aliitumia kuonyesha kwamba alama nyingi za Wamaya ni silabi. Hakuwa amekanyaga Amerika.

Kuna nyingine za kutaja kwa haraka. Barabara ndefu kuliko zote za mawe meupe inaunganisha Cobá na Yaxuná, kilomita 100. Kiwanja kikubwa kuliko vyote cha mchezo wa mpira wa utomvu kiko Chichén Itzá, mita 168 kwa 70. Na jiwe moja la Cobá limebeba tarehe yenye vipindi vingi mno juu ya vipindi, kiasi kwamba umri wote wa ulimwengu kwa hesabu za wanasayansi wa leo ni tone ndani yake.

Vichwa vya mawe vya Waolmeki, waliokuwa jirani wa magharibi na waliotangulia enzi kuu za Wamaya, vinahitaji maneno zaidi, hasa kwa msomaji wa Afrika. Vinajulikana 17. Kikubwa kuliko vyote, cha La Cobata, kina urefu wa mita 3.4 na uzito wa tani 40 hivi, kimechongwa katika jiwe la volkano. José Melgar, Mmeksiko aliyeandika juu ya kichwa cha kwanza katika miaka ya 1860, alipoona pua pana na midomo minene alidai ni sura ya Mwafrika, na hadi leo wapo wanaorudia kwamba mabaharia wetu walifika huko na kuwatawala. Naelewa utamu wa hadithi hiyo. Lakini hakuna chombo, mfupa wala mbegu ya Afrika iliyopatikana katika tabaka za Waolmeki, na sura zile zinapatikana kwa wenyeji wa Veracruz na Tabasco wanaoishi leo. Tena sisi tunajua uchungu wa jambo hili. Tuliambiwa Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni, na kwamba Kilwa na Gedi ni miji ya Waarabu na Waajemi, mpaka uchimbaji wa mji wa kale wa Shanga na kwingineko ulipoonyesha mizizi ya Waswahili wenyewe chini ya kuta hizo. Wamaya nao walipokonywa majengo yao wakapewa Wamisri na makabila ya Israeli yaliyopotea, ingawa msafiri John Lloyd Stephens alishaandika mwaka 1841 kwamba walioyajenga ni mababu wa watu walewale wa nchi hiyo. Haifai tuwafanyie Waolmeki tuliyofanyiwa.

Nikiulizwa rekodi iliyo bora kuliko zote, sitataja piramidi. Nitataja Joya de Cerén, El Salvador, kijiji cha wakulima kilichohifadhika kuliko kingine chochote katika nchi hizo. Yapata miaka 1,400 iliyopita volkano iliyo jirani ililipuka na kukizika kwa matabaka 14 ya majivu, unene wa mita 4 hadi 6. Tingatinga likakifumua mwaka 1976, na kuanzia 1978 Payson Sheets akaongoza uchimbaji. Hakuna maiti iliyoonekana. Inaelekea wanakijiji walipata nafasi ya kukimbia. Walichoacha ni jioni moja ya maisha yao: vyombo vya chakula havijaoshwa na alama za vidole bado zimo, maharagwe ghalani, bata aliyefungwa kamba mguuni, visu vya jiwe vimechomekwa kwenye nyasi za paa watoto wasivifikie. Mwaka 2007 yakapatikana matuta ya muhogo, ushahidi wa kwanza wa shamba la muhogo katika nchi ya Wamaya. Walikuwa wamevuna punde tu, wakalaza pingili mpya ardhini. Mkulima wa Mtwara angeyatambua matuta yale mara moja, maana muhogo na mahindi vilitoka Amerika vikavuka bahari baada ya mwaka 1500, ndipo vikawa chakula chetu. Katika maandishi yote ya wafalme hakuna mstari mmoja unaotueleza mtu wa kawaida alilala wapi na alipanda nini. Cerén inaeleza.

Lida imeanza kuwarudisha watu hao kwenye hesabu. Upimaji wa Guatemala uliotangazwa mwaka 2018 ulifunika kilomita za mraba 2,144 na kuonyesha majengo 61,480, mengi yakiwa nyumba za kawaida. Kutokana nayo, watafiti walikadiria kwamba nyanda za kati za Wamaya zilikuwa na watu milioni 7 hadi 11 katika karne za 7 na 8. Kizazi chao hakikutoweka. Lugha za Kimaya zipatazo 30 zinasemwa leo na mamilioni ya watu, K'iche' pekee ikiwa na zaidi ya milioni moja.

Wamaya hao ndio waliouawa kwa wingi katika vita vya Guatemala vya 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilihesabu zaidi ya 200,000 waliouawa au kupotezwa, na kati ya wahanga waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 wanaanthropolojia wa nchi hiyo wanachimba makaburi ya halaiki kwa mwiko na brashi, zana zilezile za Tikal. Katika kambi ya zamani ya jeshi huko Cobán, kuanzia mwaka 2012, walitoa mabaki ya watu zaidi ya 500, wakalinganisha vinasaba vyao na vya jamaa walio hai. Januari 2016, kwa ushahidi wa mifupa hiyo, maafisa wa zamani wa jeshi zaidi ya kumi walikamatwa.