Sanduku la Rafiki Yetu wa Swima

Mzee akifariki huacha shamba, nyavu na pengine madeni, na warithi hujua mara moja la kufanya. Lakini wako wazee waachao sanduku la vitu vya zamani, na hapo jamaa hukaa wakitazamana. Jambo hilo lilitufikia sisi wenyewe huko Swima, kando ya ziwa Tanganyika, katika njia itokayo Uvira kwenda Baraka.

Mzee huyo hakuwa wa ukoo wetu, bali rafiki wa nyumba yetu tangu siku za marehemu baba. Alikuwa mtu wa kukusanya. Hiki alipewa na mjane wa askari, kile alikibadilisha kwa kikapu cha dagaa. Mwaka 1996, vita ilipofika kwetu na watu wengi wa Fizi wakavuka ziwa kukimbilia Kigoma, hata wakafika kambi ya Nyarugusu, yeye aliacha magodoro akabeba sanduku. Mkewe alimnung'unikia kwa ajili ya magodoro hayo mpaka siku ya kufa kwake, nasi twadhani alikuwa na haki.

Baada ya matanga binti yake alitujia. “Baba mdogo,” alisema, “kuna mchuuzi amefika kwa chombo. Ataka sanduku zima, na fedha yake iko mkononi. Nami nina watoto wawili wamerudishwa nyumbani kwa kukosa malipo ya shule. Nifanyeje?” Tulimwomba asubiri juma moja tu, tukalifungua sanduku pamoja naye juu ya mkeka.

Juu kabisa tulikuta nishani ya vita vya Afrika vya 1914 hadi 1916, waliyopewa askari wa Kongo ya Wabelgiji. Mjukuu mmoja, kwa nia njema, alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikameta. Masikini, hakujua! Wanunuzi wa vitu hivi hupenda weusi wa miaka, na nishani iliyosuguliwa hushuka bei. Enyi wanafunzi, mkiona kitu cha babu kimefifia, kiacheni hivyo hivyo.

Chini yake zilikuwako sarafu. Moja ilikuwa na pembe sita na picha ya tembo: ni franka mbili za mwaka 1943, zilizopigwa Philadelphia kule Marekani, maana Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nyingine saba zilikuwa za hela 20, zenye herufi T. Hizo zina habari yake. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamefungiwa njia za bahari, wala fedha haikuwafikia tena. Basi wakapiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Za dhahabu zilikuwa za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, nazo zilipigwa 16,198 tu. Leo moja huuzwa kwa maelfu ya dola katika minada ya Ulaya. Za hela 20 zilipigwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo thamani yake ni ndogo. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo liliingia Tabora, na bila shaka askari na wapagazi wengi walirudi ng'ambo hii na sarafu za namna hiyo mifukoni. Tulipekua sanduku mara tatu tukiitafuta ile ya dhahabu. Hatukuiona.

Lakini tuliona kitu ambacho mchuuzi hakukitaja. Kila kitu kilifungwa pamoja na kipande cha karatasi, na juu yake mzee ameandika kwa mkono wake: nani alimpa, wapi, mwaka gani. Nishani ile haina jina la mtu. Ukiitenga na karatasi yake ni kipande cha chuma kama vingine. Pamoja na karatasi yajulikana ilivaliwa na nani. Yule binti, ambaye siku zote aliyaona maandishi hayo kuwa mchezo wa uzee, alinyamaza kimya akisoma.

Mwishoni kabisa, ndani ya kitambaa, ilikuwako sanamu ya mti, ya mababu, isiyozidi urefu wa mkono. Karatasi yake ilisema kwamba mzee alikabidhiwa na mkubwa wa ukoo mwingine siku za kukimbia, aitunze mpaka amani irudi. Kumbe haikuwa mali yake hata kidogo.

Sanamu za nchi yetu zimetazamwa kwa tamaa tangu zamani. Mwaka 1884 watu wa luteni Storms wa Mpala walimwua mtemi Lusinga, na sanamu ya ukoo wake ikachukuliwa kwenda Ubelgiji. Leo ni mali ya jumba la makumbusho la Tervuren. Sanamu zilizotoka pande zetu za Fizi zilimpa kazi kubwa mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1981. Huko Kenya, karibu na Kaloleni, mzee mmoja alipigwa picha mwaka 1985 na mwalimu Mmarekani, Monica Udvardy, mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Muda si mrefu vikaibwa. Kimoja kilionekana katika mkusanyo wa chuo kikuu cha jimbo la Illinois, nacho kikarudishwa kwa jamaa mwaka 2007, baada ya mzee kufa. Na wala kurudishwa si mwisho wa mambo: kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilipeleka Kinshasa vitu 114, na baadhi yake vilionekana tena vikiuzwa Ulaya. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 yataka ruhusa ya serikali kabla ya kuvitoa nchini vitu vya namna hiyo. Tulimsomea binti habari hizo zote. Akauliza, “Na sheria hiyo italipa shule?” Hatukuwa na jibu.

Siku ya Alhamisi mchuuzi alirudi. Tulimpangia sarafu na nishani juu ya meza. Hakuzigusa. Alisema kwa upole, “Na ile ya chini?” Hapo tulifahamu kwamba bei aliyoitaja ilikuwa ya sanamu peke yake, na vingine vyote alivihesabu kuwa nyongeza. Alipoambiwa haiuzwi, aliongeza fedha, kisha akaongeza tena. Binti alitazama chini. Mwishowe alisema, “Si yetu, baba,” naye akaondoka bila kununua kitu.

Sarafu zilinunuliwa baadaye na mkusanyaji mmoja wa Bujumbura, nazo zilitosha kumrudisha mtoto mmoja shuleni. Nishani imebaki, na karatasi zote zimenakiliwa katika daftari. Sanamu tuliipeleka kwa wenyewe tukiwa wanne, ili wawepo mashahidi. Wazee waliipokea kwa mikono miwili. Kijana mmoja wa ukoo akatufuata hata njiani, akatuuliza kwa sauti ndogo mchuuzi alikuwa ametaja bei gani.

Mtoto wa pili angali nyumbani. Asubuhi huwasaidia wavuvi kuanika dagaa, na jioni humsomea mama yake daftari la babu.