Goma: Gari yako inakunywa maji kila siku? Tafuta kwanza yanaenda wapi

Ukitoka Goma kwa njia ya Sake, kisha ukaanza kupanda kuelekea Masisi, si ajabu kukuta gari imesimama pembeni, kapo iko juu, mvuke unatoka, na shofere anatafuta mutu wa kumuletea bidoni ya maji. Anaweka maji, anaendelea. Kesho tena vilevile. Ukimuuliza, atakuambia: "Hii gari inakunywaka maji sana."

Lakini motere yenye iko muzima hainywi maji. Maji ya radiatere yanazunguka tu: yanabeba joto la motere, yanapoa, yanarudi. Kama yanapungua, kuna mahali yanapita. Kama hayapungui na motere inachemka, kuna kitu kinazuia joto kutoka. Kuongeza maji bila kutafuta sababu ni kama kumupa mutoto dawa ya homa kila siku bila kumupima malaria.

Kifuniko kidogo, kazi kubwa

Muji wetu uko karibu mita 1500 juu ya bahari. Huku juu, maji katika sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kule pwani. Na motere nyingi zinafanya kazi karibu na joto hilo hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha radiatere: kinayafunga kwa nguvu ili yavumilie joto zaidi. Mupira wake ukipasuka au chemchemi yake ikilegea, maji yanachemka mapema na kumwagika. Kwa hiyo anza na kifuniko, mbele ya kufungua motere yote.

Inachemka wakati gani?

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi muzuri atakuuliza.

Kama inachemka ukiwa umesimama katika msongamano wa muji, lakini inapoa ukikimbia, angalia vantilatere. Gari ikitembea, upepo unapoza radiatere. Ikisimama, ni vantilatere peke yake. Inaweza kuwa haizunguki, au fuzibo yake imeungua.

Kama inachemka kwenye mulima au ukibeba muzigo, angalia kwanza kama maji yanatosha. Kisha angalia radiatere yenyewe: vumbi ya lava na matope vinaziba matundu yake kwa inje, kutu inaziba kwa ndani. Angalia pia pompi ya maji, na mukanda wenye kuizungusha kama haujalegea.

Kama inachemka haraka tu baada ya kuwasha, na tiyo ya juu ya radiatere ingali baridi, termosta imekwama. Huo ni mulango mudogo unaofunguka maji yakipata joto. Ukikwama, maji moto yanabaki ndani ya motere.

Kama maji yanapungua lakini chini ya gari hakuna tone, weka mashaka kwenye jointi ya kilasi, ile inayofunga kati ya kichwa cha motere na mwili wake. Dalili zake: moshi mweupe kwa inje hata motere ikiwa imeshapata joto, mafuta ya motere yanageuka kama kahawa ya maziwa, au povu linapanda bila kuisha katika radiatere. Hapo usiendelee na safari.

Maji gani?

Wengi hapa tunachota ziwani. Lakini maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini. Yakipata joto kila siku, yanaacha ukoko mweupe, sawa na ule unaouona ndani ya birika, na njia ndogo za radiatere zinaziba. Maji ya mvua hayana ukoko huo, lakini karibu na Nyiragongo mvua inapita katika moshi wa volkano na kupata asidi. Hiyo asidi inakula vyuma, kama inavyokula mabati yetu. Bora ni maji maalumu ya radiatere ambayo yana dawa ya kuzuia kutu. Ukikwama njiani, weka maji yoyote safi unayopata, lakini ukifika, fundi ayamwage na kusafisha.

Tusitoe termosta

Kuna garaje ambako dawa ya haraka ni kutoa termosta na kuitupa. Wakati fulani sindano inashuka kweli, lakini ugonjwa umefichwa tu. Motere inatembea ikiwa baridi, inakula esanse zaidi, inachakaa mapema. Na kwa motere fulani, bila termosta maji yanapita njia ya mukato bila kufika kwenye radiatere, kisha gari inachemka zaidi. Termosta ikiwa mbovu, inabadilishwa.

Ukiwa njiani

Sindano ikianza kupanda, zima hewa ya baridi, washa shofaje yote na utafute mahali pa kusimama. Ikifika kwenye nyekundu, zima motere. Usidanganyike pia na sindano inayoshuka ghafla: kama maji yameisha, kipimo hakigusi tena maji, kinaweza kuonyesha baridi wakati motere inaungua.

Usifungue kifuniko kikiwa moto. Maji ya ndani yamepita nyuzi 100 na yatakurukia kwa uso. Ngojea nusu saa au zaidi, funika na kitambaa kinene, zungusha polepole. Na usimwage maji baridi juu ya motere moto, juu kilasi inaweza kupasuka.

Kwa mwenye taksi, motere ikikufa ni chakula cha nyumba na minerval ya watoto. Kwa abiria, ni usiku kuwakuta njiani, mbali na nyumba. Asubuhi, mbele ya kuwasha, motere ikiwa baridi, angalia kiasi cha maji na uangalie chini ya gari. Na ukifika garaje, usiseme tu "inachemka". Sema inachemka wapi, baada ya dakika ngapi, na maji yamepungua kiasi gani. Hapo fundi atajua pa kuanzia, na wewe hutalipia vipuri ambavyo havikuwa na kosa.