Mzee Asiyezuia Mkojo: Maji Yake na Swala Yake

Wapo wazee wetu, majumbani na katika makao ya wazee, wanaojinyima maji ya kunywa kwa kuhofia mkojo usiwaharibie udhu. Nia yao ni njema, lakini wanajidhuru. Maji yakipungua mwilini mkojo huwa mchache na mzito, na vijidudu hupata nafasi ya kuzaana kwenye kibofu. Kwa mzee, dalili si lazima iwe maumivu. Huweza kuchanganyikiwa ghafla au kukataa chakula. Tusiseme ni uzee tu, tumpeleke hospitali.

Aliyewekwa mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, na anayemuuguza aoshe mikono kabla na baada ya kuumwaga.

Ama swala, haimwondokei. Mtume (S.A.W.) alimuelekeza Fatma bint Abi Hubaysh, aliyekuwa akitokwa na damu mfululizo, atawadhe kwa kila swala. Wanazuoni wamemlinganisha naye asiyeweza kuzuia mkojo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, wakati ukishaingia hujisafisha, huvaa kitambaa au pampasi safi, hutawadha, kisha huswali bila kuchelewa. Kitakachomtoka hapo kwa maradhi yake hakimbatilishii swala, na mpira usioweza kuondolewa ni dharura.

Basi tuwape wazee wetu maji, isipokuwa daktari amewapunguzia, na tuwatawadhishe wasioweza. Huo ni katika wema kwa wazazi. Wallahu aalam.