Basi: Kilatini Kilichofika Jogoo Road

Neno basi, tunalolitumia kila siku kuanzia Kaloleni hadi Kayole, ni kipande tu cha neno. Asili yake ni omnibus ya Kilatini, yaani "kwa ajili ya wote". Maana ya "wote" imo katika shina, omn-. Hiyo -bus iliyobaki ni sehemu ya kiishio cha kisarufi. Waingereza walipolifupisha katika karne ya 19 walilitupa shina wakashika kiishio, nasi tukakitia irabu.

Waliolipeleka neno hilo barabarani ni Wafaransa. Mwaka 1826 Stanislas Baudry alikuwa na bafu za maji moto pembezoni mwa mji wa Nantes, akaanzisha magari ya farasi ya kuwaleta wateja. Abiria wengi hawakuja kuoga. Walishuka njiani wakaenda zao. Akatambua kwamba biashara ni safari yenyewe. Husimuliwa kuwa jina lilitoka kwenye kibao cha muuza kofia aitwaye Omnès, aliyeandika Omnès Omnibus. Mwaka 1828 Baudry alikuwa Paris, na mwaka uliofuata George Shillibeer akayaanzisha London.

Nairobi ilipata Kenya Bus Service mwaka 1934. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapanga wafanyakazi Waafrika upande wa mashariki, Pumwani kwanza, kisha Kaloleni, Bahati na Jericho, huku shughuli nyingi zikiwa katikati ya mji. Mabasi hayakutosha. Magari ya watu binafsi, yaliyoitwa matatu, yakaziba pengo kwa nauli ya sarafu tatu za senti kumi, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akayaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu.

Hapo ndipo tofauti inaponigusa. Omnibus iliitwa kwa abiria wake, matatu ikaitwa kwa nauli yake. Hata vijana wa Buruburu wanaposema mathree bado wanaitaja ile tatu, nauli iliyojulikana kabla mtu hajapanda. Leo mvua ikidondoka jioni, nauli ya Umoja au Dandora hupanda papo hapo kwa kauli ya makanga, na mama aliyebakiwa na nauli ya asubuhi huishika Jogoo Road kwa miguu, mtoto mgongoni. Nauli na iandikwe mlangoni, inyeshe isinyeshe, na makanga aiheshimu.