Nani Kama Mama? Muziki wa Kumsifu Mzazi

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Leo nataka kuwaelezea muziki ambao watu huwapigia mama zao, hasa Jumapili ya pili ya Mei, siku ya kina mama.

Kwanza kuna souli, yaani muziki wa roho. Watu weusi wa Marekani waliutoa kanisani: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, kama kwaya zetu tu. Wapiga jazi kama Jimmy Smith nao wakashika kinanda cha umeme kilichozoeleka makanisani, na hiyo ikawa jazi ya souli. Halafu ikaja fanki, miaka ya 1960. James Brown alitaka wanamuziki wake watie mkazo kwenye pigo la kwanza: MOJA, mbili, tatu, nne. Besi na ngoma zikikutana hapo, hata mzee wa mkongojo hutikisa bega!

Mwaka wa 1973 kundi la The Intruders la Philadelphia lilitoa "I'll Always Love My Mama", wimbo wa souli wa kumshukuru mama huku watu wakicheza. Hapa Kenya, miaka hiyo ya 1970, Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys walipiga souli na fanki. Lakini wimbo wa mama uliotia fora Afrika nzima ni "Sweet Mother" wa Prince Nico Mbarga wa Nigeria, 1976. Bendi yake iliitwa Rocafil Jazz, ila jina lisiwadanganye: magita yake yafuata rumba ya Kongo.

Siku ya kina mama iliyopita niliuweka wimbo huo, sauti juu kabisa. Mama akaingia kutoka sokoni, mzigo mgongoni, upepo wa Kona Baridi umemkausha midomo. Akasikiliza, akacheka, akacheza kidogo. Kisha akauliza, "Wimbo ni mtamu, baba. Na maji je, umeteka?"

Mitungi yote ilikuwa mitupu. Kabla sijajibu, alishachukua mmoja akatoka, na wimbo bado unamsifu! Niliona aibu, nikamkimbilia njiani nikampokonya.

Wenzangu, muziki huu hutaka mwitikio. Mama zetu wameimba tangu tuzaliwe. Tuwapigieni nyimbo, ndiyo, lakini maji tuteke kwanza.