Mapumziko ya pwani: Uliza maji kabla ya kulipa mashua

FAMILIA ya Handeni au Korogwe inayotaka kupumzika ufukweni baada ya mavuno haina haja ya kwenda mbali. Pangani iko mkoani humo humo Tanga, na baharini mbele yake kipo Kisiwa cha Maziwe, eneo tengefu tangu mwaka 1975.

Lakini kisiwa hicho kina sharti lake. Miti iliyoshika mchanga wake ilikwisha kufikia miaka ya 1980, na sasa maji yakijaa hufunikwa chote. Hata mayai ya kasa huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Anayekodi mashua bila kuuliza maji aweza kulipia bahari tupu.

Hesabu ianze na mwezi. Ukiandama au ukipevuka huwa bamvu: maji hupwa sana, mara nyingi saa nne hivi asubuhi, na fungu la mchanga hujitokeza. Siku za maji mafu, bahari haipwi sana.

Kisha upepo. Fedha za mahindi ya masika huingia Julai na Agosti, wakati kusi inavuma kwa nguvu. Mkulima akizitenga hadi Septemba au Oktoba, bahari huanza kutulia. Anayelima vuli atoe kwanza gharama za mbegu.

Kutoka Korogwe, abiria hupanda basi hadi Tanga mjini, kisha jingine la Pangani. Familia mbili zikichangia mashua moja, mzigo hupungua.