Waliona mashaka kama ni yeye aliyeitengeneza: Kingelez, mwalimu wa Kinshasa aliyejibu kwa makasi na karatasi

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanaume mmoja aliingia kwenye makumbusho ya taifa mjini Kinshasa akibeba nyumba ndogo ya karatasi. Alisema ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Wenye kazi pale waliitazama nyumba, wakamtazama na mwenyewe, wakashindwa kumwamini. Ilikuwa safi kupita kiasi kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Mtu huyo aliitwa Bodys Isek Kingelez. Mwaka wa 2018, miaka karibu 40 baadaye, makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yalionyesha miji yake ya karatasi kwa miezi 7. Lakini yeye hakufika kuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki Kinshasa tarehe 14 Machi 2015, akiwa na miaka 66.

Katikati ya siku hizo mbili kuna maisha ya fundi aliyesikia maneno ya kila aina: kwamba kazi si yake, kwamba anaota ndoto, kwamba majengo yake ni mazuri mno kwa inchi yenye shida. Kwa vijana wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wanaotengeneza magari ya waya, chukudu ndogo za mbao na maketi za nyumba, njia aliyopita inafaa kujulikana.

Mwalimu aliyeacha chaki

Kingelez alizaliwa tarehe 27 Agosti 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, eneo la Bandundu ya zamani, wakati Congo ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Alifika Kinshasa mwaka wa 1970. Alisoma, kiisha akawa mwalimu wa sekondari.

Mji alioukuta ulikuwa unapanda juu. Serikali ya Mobutu ilitaka majengo ya kuonyesha ukubwa wa inchi, na mnara wa Limete ulikuwa mmoja wao. Kiisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, feza ikapungua, na kazi nyingi za ujenzi zikasimama nusu. Watu wa Kinshasa walizoea kupita kila siku mbele ya saruji isiyokwisha.

Ni katika miaka hiyo mwalimu Kingelez aliacha chaki. Alisimulia baadaye kwamba alipitia siku nyingi kama mtu mwenye homa, akijiuliza afanye nini na maisha yake. Mshahara hakuwa nao tena, wala jina, wala kazi mpya ya kuonyesha jamaa na majirani. Wazo lililomjia halikuwa la kumtuliza mtu yeyote wa nyumbani: atafute makasi, wembe, gundi na karatasi.

Kila mtu anayefanya kazi ya mikono anajua saa hiyo. Kabla mtu mwingine hajasema neno, moyo wa fundi umekwisha kusema yote. Wewe mtu mzima unakata karatasi? Nani atanunua? Nani alikufundisha? Kingelez hakuwa na jibu kwa maswali hayo. Alichokuwa nacho ni nyumba ndogo iliyosimama juu ya meza, na akaamua kuipeleka kwa watu wanaojua vitu vizuri.

Mtihani mbele ya macho

Taasisi ya makumbusho ya taifa ilianzishwa mwaka wa 1970 na makao yake yalikuwa Mont Ngaliema. Kazi yake ilikuwa kukusanya na kulinda vitu vya mababu: vinyago, sanamu, viti vya wakubwa. Wafanyakazi wake walikuwa wamezoea kupima kitu kwa jicho. Ndiyo sababu neno lao la mashaka lilikuwa zito.

Mbele ya neno kama hilo mtu anaweza kukasirika, akachukua kitu chake na kuondoka. Anaweza pia kurudi nyumbani kimya na asiguse wembe tena. Wale wa makumbusho walimwomba kitu kimoja: atengeneze nyingine, wakimwona. Kwa mtu mzima, tena mwalimu wa zamani aliyezoea kutoa mitihani kwa wengine, ombi hilo lilikuwa na uchungu wake.

Kingelez alikubali. Alikaa, akakata, akakunja, akabandika, na jengo la pili likasimama.

Mashaka yaliisha hapo, na likafuata jambo ambalo hakulitazamia: walimpa kazi. Kwa miaka kadhaa alikuwa mtengenezaji wa vitu vya makumbusho vilivyoharibika. Mikono iliyoshukiwa ndiyo iliyopewa vinyago vya mababu ivirudishe katika hali nzuri. Katikati ya miaka ya 1980 aliacha kazi hiyo ili muda wake wote uwe wa majengo yake.

Kuna jambo la kushika hapa. Wale watu walikosa kumwamini, na hilo lilikuwa kosa lao. Lakini hata katika kosa hilo walikuwa wamesema, bila kutaka, kwamba kazi ni nzuri sana. Fundi aliyejaa hasira angesikia tusi peke yake. Kingelez alisikia na ile sehemu ya pili.

Mikebe, vifuniko na vijiti vya meno

Kazi zake aliziita kwa Kifaransa maketi za kupita mpaka. Alitumia karatasi za rangi, karatoni, plastiki, makopo ya soda, vifuniko vya chupa, mirija, vijiti vya meno na karatasi za kufungia bidhaa. Vitu ambavyo Kinshasa ilivitupa vilirudi vikiwa minara, madaraja na viwanja vyenye rangi za sikukuu.

Mwaka wa 1991 alitengeneza jengo la hospitali ya utafiti juu ya Sida, wakati ugonjwa huo ulikuwa unaua watu wengi na wengine waliogopa hata kuutaja. Mwaka wa 1994 alichukua kijiji chake cha Kimbembele-Ihunga na kukifanya mji mkubwa, wenye uwanja wa mpira na maghorofa. Mwaka wa 1995, Umoja wa Mataifa ulipofikisha miaka 50, aliutengenezea jengo, miaka 4 kabla ya ujumbe wake wa MONUC kuanzishwa Congo.

Mwaka wa 1996 ulikuja mji wake mkubwa kuliko yote, Ville Fantôme, wenye urefu wa mita 5 na sentimita 70 na upana wa mita 2 na sentimita 40. Alieleza kwamba ni mji wa amani, ambamo kila mtu yuko huru na watu wa kila rangi wanaishi pamoja. Mwaka uliofuata, ule ambao Mobutu alianguka, alitengeneza Kinshasa ya milenia ya tatu.

Paris na lawama za namna nyingine

Mwaka wa 1989 Kingelez alialikwa Paris kwenye maonyesho ya Magiciens de la terre, yaliyokusanya wasanii zaidi ya 100 wa Ulaya, Marekani, Afrika, Asia na Oseania. Mlango wa dunia ulifunguka kwake pale. Mwaka wa 2002 alikuwa pia Documenta ya 11 huko Kassel, Ujerumani, chini ya uongozi wa Mnigeria Okwui Enwezor.

Lakini lawama hazikuisha. Zilibadilisha nguo. Maonyesho ya Paris yenyewe yalishutumiwa. Wakosoaji walisema kwamba wazungu waliotafuta wasanii wa Afrika walipenda wale wasiopita shule ya sanaa, na kuwaacha wale waliosoma. Ndani ya shutuma hiyo mlikuwa na ukweli, na Kinshasa, mji wenye chuo chake cha sanaa, ilikuwa na haki ya kuuliza. Kwa Kingelez lilikuwa jambo la ajabu: kwanza hakuaminiwa kwa sababu hajulikani, sasa kujulikana kwake kukawa tatizo.

Lawama nyingine ilihusu miji yenyewe. Mbona hamna mashimo barabarani? Mbona hamna umaskini, takataka, watu wanaosubiri maji? Si ni kufunika jicho? Kingelez hakurudi nyuma kwa hilo. Majengo yake hayakuwa picha ya Kinshasa ya siku ile. Yalikuwa Kinshasa ambayo mtu anaweza kuidai. Alikuwa akisema kwamba taifa lisiloweza kutengeneza maketi ni taifa lisiloelewa mambo, kwa sababu kabla ya kujenga lazima kwanza mtu aone.

Hakuwa pia mtu wa kujidharau mbele ya watu. Alijitaja kuwa msanii, mchongaji, mbunifu na msanifu majengo kwa pamoja, na jina lake aliliandika juu ya kazi zake bila haya. Kwa wengine hayo yalionekana majivuno. Lakini mtu ambaye kazi yake ya kwanza iliambiwa kwamba labda si yake ana sababu ya kuandika jina kwa herufi kubwa.

Neno juu ya kazi, neno juu ya mtu

Kijana anayetengeneza maketi leo Kadutu ao Katindo hapiti mbele ya makumbusho ya taifa. Anapita mbele ya kaka, majirani, wenzake wa darasa na watu wanaoona picha kwenye simu. Maneno yanakuja haraka na mengi si ya adabu.

Kitu cha kwanza ni kuyagawa. «Wewe mutu muzima unacheza michezo ya watoto» ni neno juu ya mtu. Halina kitu cha kurekebisha, kwa hiyo hakuna sababu ya kukesha nalo. «Mlango wako ni mkubwa kuliko ghorofa» ni neno juu ya kazi. Hata likisemwa kwa kicheko, linaweza kupimwa.

Na kupima si kazi ngumu. Fundi akiamua kwamba sentimita 1 ni mita 1, mlango wa mita 2 lazima uwe sentimita 2, ghorofa ya mita 3 iwe sentimita 3, na mtu wa mita 1 na sentimita 70 asipite milimita 17. Akichukua rula na kukuta mlango una sentimita 4, aliyecheka alikuwa na haki, na mnara ulikuwa unafanana na duka la karatoni kwa sababu hiyo. Akikuta sentimita 2 kamili, anaweza kulala usingizi mzuri. Rula haimpendi wala kumchukia mtu.

Mambo mengine yanayolaumiwa mara nyingi yana dawa ya namna hiyo. Karatoni inayokunjika vibaya inataka kukwaruzwa kwanza kwa ncha ya wembe, kidogo tu, bila kukata hadi ndani, juu ya mstari wa kukunja. Gundi inayoonekana kwenye kona ni gundi iliyozidi. Ukuta unaopinda ulibandikwa kabla ya upande wa kwanza kukauka.

Mashaka yanayotoka ndani ni magumu zaidi, kwa sababu fundi anajua kila kosa aliloficha. Anayeangalia anaona nyumba nzima. Aliyeitengeneza anaona tone la gundi nyuma ya dirisha la tatu. Hapo kuna faida ya kutunza kazi ya kwanza hata kama ni mbaya. Ikiwekwa karibu na ya tano, inaonyesha umbali uliotembewa, jambo ambalo moyo uliochoka hausemi. Kuna faida pia ya kumpelekea kazi mtu mmoja anayetumia mikono yake, seremala ao fundi wa kushona, na kumwuliza swali moja tu: ungerekebisha wapi? Mtu wa namna hiyo ataonyesha kwa kidole mahali penyewe.

Methali inasema maneno matupu hayavunji mfupa. Hata hivyo yanaweza kumfanya mtu aache wembe, na kwa fundi hiyo ni hasara kubwa kuliko mlango uliozidi.

Bei aliyoilipa

Habari ya Kingelez haina mwisho mtamu peke yake. Kazi zake nyingi ziko nje ya Congo, kwenye makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Mtoto wa Kinshasa anaweza kukua bila kuona hata moja kwa macho yake, na yule wa Kivu zaidi. Maonyesho makubwa ya New York yalifunguliwa miaka 3 baada ya kifo chake. Kukubaliwa kulikuja, ila kulichelewa, na kulikuja zaidi kutoka mbali.

Kama angengoja kukubaliwa huko ndipo akate karatasi ya pili, hakuna mji hata mmoja ambao ungesimama. Alipoombwa atengeneze nyingine, alitengeneza nyingine, na aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 30.